Fundi Nusu Inchi na Gari Lake

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwepo, ila lilibaki kwenye vyeti. Mtaani aliitwa Nusu Inchi, kwa sababu kila alipompima mtu suruali alimwachia nusu inchi ya ziada kwenye pindo, akisema, "Mwili hauna mkataba." Mtu anenepe, arefuke au abadilishe viatu, ile nusu inchi ilikuwa pale inamngoja. Alikuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini na mmoja, katika chumba kimoja chenye mlango wa kukunja, feni ya mezani na cherehani mbili, moja ya kazi na moja ya kung'oa vipuri. Mbele ya chumba hicho, nyuma ya meza ya kioo, mkewe aliuza vifungo, zipu na nyuzi.

Alipotimiza miaka hamsini na mitano alinunua gari. Halikuwa jipya, na wala hakulitafuta, lilimjia. Mwalimu mkuu mmoja, ambaye alimshonea suti tangu hajawa mkuu, alikuwa amestaafu na anahamia kwa binti yake, na huko hapakuwa na pa kuliweka.

"Lina umri kumshinda mwanao wa mwisho," mwalimu alimwambia, "lakini halijawahi kunilaza njiani. Si kwamba ni zuri. Ni kwamba niliangalia."

Akamkabidhi funguo, kadi ya gari, na kijitabu cha matengenezo kilichojaa tarehe kwa mwandiko wa ubaoni. Akaongeza jambo moja: "Ukisikia usichokielewa, muulize anayekielewa." Nusu Inchi akaitikia kwa kichwa, kama watu wanavyoitikia hotuba ya mgeni rasmi.

Sababu za kununua alikuwa nazo. Majora ya vitambaa yalikuwa yamemchosha mabega. Na mama mkwe wake, aliyeishi peke yake upande wa pili wa mji, juu ya kilima, alitakiwa kwenda kliniki ya macho kila mwezi, na kila mwezi ilikuwa ni kutafuta wa kumpeleka.

Mkewe alilizunguka gari mara mbili kama anayekagua nguo iliyoletwa kufupishwa.

"Baba watoto, kuendesha unajua?"

"Nitajifunza."

"Na kulitunza?"

Hapo Nusu Inchi alicheka. "Mke wangu, mashine ni mashine."

Kuendesha alijifunza kwa wiki saba. Mwalimu wa udereva alishangaa jinsi mguu wake ulivyokuwa mpole kwenye klachi. Hakujua kwamba mguu ule ulikuwa umekanyaga cherehani tangu ujana, na ulijua tofauti kati ya kukanyaga na kugusa. Leseni ilipotoka, Nusu Inchi alinunua kitambaa laini cha kufutia, akakipiga pindo pande zote nne, na tangu siku ile gari likaingia katika utaratibu wa asubuhi.

Utaratibu wenyewe ulikuwa wa cherehani. Cherehani huifuti vumbi ukaondoka. Unaifuta, unaitia tone la mafuta kila palipo na tundu, unaizungusha kwa mkono, unaisikiliza, ndipo unaweka kitambaa. Kwa hiyo kila siku, kabla ya kufungua duka, Nusu Inchi aliinua boneti, akafuta, akachungulia, akawasha, akainamisha sikio. Majirani walizoea kumwona akiwa nusu ndani ya gari, nusu nje. Jirani muuza magazeti alimwuliza kama gari limemeza shilingi.

Sikio lake lilikuwa zuri, hilo hakuna aliyebisha. Aliweza kuwa anaongea na mteja, cherehani inatembea, akasimama katikati ya neno na kusema sindano imeanza kupinda. Ungeichomoa ukaitazama juani, ingekuwa imepinda kweli. Mtu mwenye sikio la namna hiyo hapendi kuambiwa na mwingine mashine yake inasema nini.

Balaa la kwanza lilikuwa la oili. Kila alipotoka mjini na gari likiwa bado la moto, alizima, akachomoa kijiti cha kupimia oili hapo hapo, mbele ya duka, palipokuwa na mteremko kidogo. Kijiti kilionyesha oili iko chini. Akaongeza. Kesho yake vivyo hivyo. Mtu anayetia cherehani mafuta kila siku haoni ajabu mashine ikitaka tena. Baada ya wiki tatu gari lilianza kutoa moshi wa buluu kwa nyuma, na chini yake, kila lilipoegeshwa, pakabaki alama nyeusi ya ukubwa wa sahani.

Gereji iliyokuwa karibu ilikuwa ya fundi mmoja aliyejulikana kwa jina la Tarumbeta. Alikuwa makenika mzuri na mtu mwema, lakini Mungu alimpa sauti ya kutosha watu wanne. Akikunong'oneza jambo, waliokuwa ng'ambo ya barabara walichangia mawazo. Siku ile walikuwepo wateja sita kwenye benchi, na wawili kati yao walikuwa wamevaa mashati ya Nusu Inchi.

Tarumbeta alichomoa kijiti, akakitazama, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena.

"Fundi! Nani kakuambia ujaze oili mpaka shingoni?"

"Kijiti kilikuwa kinaonyesha imepungua," Nusu Inchi alijibu kwa sauti ya chini, akitumaini mwenzake ataiga.

"Ulipima saa ngapi? Ukizima tu?"

"Nikizima tu."

"Limesimama wapi? Pale kwako penye mteremko?" Tarumbeta aligeukia benchi, kana kwamba kesi ilikuwa ya wote. "Jamani, oili ikitoka kuzunguka iko juu huko kwenye injini, haijashuka! Weka gari pahali palipo sawa. Zima, ngoja dakika kumi. Chomoa kijiti, futa, rudisha, chomoa tena, ndipo usome. Kina alama mbili: ya chini na ya juu. Oili ikiwa katikati, funga boneti nenda zako! Oili si mchuzi kwamba ikizidi utamgawia jirani. Ikizidi inatafuta pa kutokea, na inatokea kwenye sili, ile mipira ya kuizuia isivuje!"

Watu wa benchi walicheka, bila ubaya. Oili iliyozidi ilimwagwa, sili moja ikabadilishwa. Ushauri ulikuwa wa kweli kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, na Nusu Inchi aliushika wote. Lakini alishika na kile kicheko. Aliporudi dukani alimwambia mkewe kwamba gari limepona, na kwamba yeye kwa mambo madogo madogo hatakanyaga tena gereji.

"Na mambo madogo utayajuaje kuwa ni madogo?" mkewe akauliza.

Nusu Inchi alivuta shati mezani. Alikuwa na kola ya kugeuza.

Miezi minne ikapita kwa amani. Nusu Inchi alipima oili kwa namna aliyofundishwa, kila Jumapili, kwenye uwanja wa sawa nyuma ya nyumba. Kitu kimoja kilimshughulisha kidogo: kile kikopo cheupe cha maji ya breki, kilicho chini ya boneti, kilikuwa kinashuka taratibu. Alinunua chupa ya maji ya breki, akakirudisha kwenye alama. Kikashuka tena, akakirudisha tena. Hakumwuliza mtu.

Kisha ikaanza sauti. Kila alipokanyaga breki, magurudumu ya mbele yalitoa mlio mwembamba, wa juu, kama panya aliyebanwa na mlango. Mwanzoni ulikuwa wa asubuhi tu. Baadaye ukawa wa kila kituo, na watoto wa shule waliokuwa wakivuka barabara walianza kuuigiza.

"Mpelekee Tarumbeta," mkewe alisema.

"Nimpelekee panya? Aite watu wote waje wamsikie?"

"Basi mpelekee mtu mwingine."

"Mama watoto, chuma kikilia kinaomba nini? Miaka thelathini hii chuma kikilia mimi hukipa nini?"

Mkewe alimtazama, akarudi kuhesabu vifungo. Alisema baadaye kwamba neno lilimfika kooni, akalimeza, kwa kuwa hakujua gari na hakutaka kubishana asichokijua. Hilo ndilo alilojutia, wala si jingine.

Jumamosi moja asubuhi, siku ya kliniki, Nusu Inchi alitoka na kile kichupa chake cha mafuta ya cherehani, chenye mdomo mrefu kama wa ndege mnywa maua. Akachuchumaa kando ya gurudumu la mbele la kushoto, akapitisha mdomo wa kichupa kati ya matundu ya rimu, akaona sahani ya chuma inayong'aa na kile kidude kinachoibana. Akatia matone pande zote mbili. Akalisukuma gari mbele kidogo, akatia tena. Halafu akazunguka upande wa kulia akafanya vivyo hivyo, kwa sababu alikuwa mtu wa haki. Mkono mmoja wa shati haupigwi pasi ukaachwa mwingine.

Akaingia, akawasha, akaenda mbele hatua kumi, akakanyaga breki. Kimya. Akarudi nyuma, akakanyaga. Kimya. Kwa mwendo ule wa kobe gari lilisimama, na Nusu Inchi hakutaka ushahidi zaidi. Aliingia ndani kunawa mikono akipiga mluzi.

Kwenda kilimani hakukuwa na neno. Njia ilikuwa ya kupanda, na gari linalopanda halihitaji breki sana. Alimchukua mama mkwe mlangoni kwake, wakaenda kliniki, ambayo nayo ilikuwa juu huko huko. Mama alitiwa matone ya kupanua mboni, akaambiwa asitazame mwanga kwa saa kadhaa. Akatoka akishika mkono wa mkwewe, amefumba macho, mkoba wake wa dawa ameubana kifuani. Siku hiyo alikuwa ashinde kwa binti yake. Alikaa kiti cha mbele, akafungwa mkanda, wakaanza kuteremka.

Kona ya kwanza Nusu Inchi alikanyaga breki, na gari likapungua mwendo kidogo tu, kama mtu aliyeitwa bila kumtambua anayemwita. Alidhani hakukanyaga vizuri. Kona ya pili akakanyaga kwa nguvu, na kanyagio likaenda chini kama kawaida, lakini gari likaendelea na safari zake. Mbele yake kilima kilikuwa kinanyooka moja kwa moja hadi njia panda, na pale njia panda malori yalikuwa yamepanga foleni.

Alichofanya baada ya hapo alikifanya kama alivyofundishwa na mwalimu wa udereva, na baadaye hakuweza kueleza mikono yake ilikumbukaje. Alirudisha gia kutoka ya tatu hadi ya pili, injini ikanguruma kwa kulalamika. Akavuta breki ya mkono kidogo kidogo, si kwa mpigo. Akawasha taa zote za hatari. Gari lilikuwa limepungua, lakini si kwa kiasi cha kusimama kabla ya malori. Kushoto palikuwa na nyumba inayojengwa, na mbele yake rundo la mchanga lililomwagwa asubuhi ile. Akageuza usukani.

Gari liliingia mchangani hadi kwenye taa, likasita, likazima. Mchanga ukamwagika juu ya boneti kwa sauti kama ya mvua fupi.

"Tumefika?" mama mkwe akauliza, macho yamefumbwa vile vile.

Nusu Inchi akaachia usukani. "Bado, mama. Tumesimama kidogo."

"Hm," mama akasema.

Waashi walikuja mbio, wakawatoa, wakawakalisha juu ya matofali. Hakuna aliyeumia isipokuwa goti la mama lililogonga dashibodi, na lilivimba kiasi cha limau. Msimamizi wa ujenzi aliuliza imekuwaje. Nusu Inchi alisema breki zimekatika, na alipolisema aliliamini nusu. Alisimamisha teksi ampeleke mama kwa binti yake, akapanda naye. Walipokaribia nyumbani, mama mkwe alimgeukia, macho yake yametulia nyuma ya kope.

"Mwanangu, nilikuwa nimefumba macho. Masikio sikuziba. Nilikusikia ukimwita Mungu tangu kona ya pili."

"Ndiyo, mama."

"Umefanya vizuri kumwita. Lakini breki je, nani alizitazama?"

Nusu Inchi alisema, "Mimi," na lilikuwa jibu la kweli kuliko alivyotaka.

Gari lilivutwa hadi gereji mchana ule. Nusu Inchi alifika akiwa amejiandaa kwa benchi lililojaa, na lilikuwa limejaa kweli. Tarumbeta aliinua mbele kwa jeki, akafungua gurudumu la kushoto, akapitisha kidole kwenye ile sahani ya chuma. Akakisugua kile kidole na mwenzake. Akakinusa. Akakinusa tena. Kisha akainuka, akasogea karibu na Nusu Inchi, na kwa mara ya kwanza tangu afungue gereji alishusha sauti hadi mtu wa tatu asisikie.

"Fundi, haya si maji ya breki. Haya ni mafuta ya cherehani."

Nusu Inchi alitazama viatu vyake.

"Zilikuwa zinalia?" Tarumbeta akauliza, bado chini.

"Zilikuwa zinalia."

"Ukazinyamazisha."

"Nikazinyamazisha."

Tarumbeta akamvuta mkono hadi nyuma ya gari, mahali ambapo benchi halioni, akamwonyesha. Pedi za breki zilizotoka mle zilikuwa zimelika hadi kubaki nyembamba kama kadi ya harusi, nazo zimelowa. Kando ya kila moja palikuwa na kijiulimi cha chuma kilichopinda.

"Hiki unakiona? Kimewekwa makusudi na waliotengeneza. Pedi ikiisha, hiki kinaigusa sahani, kinapiga kelele. Hakiumwi. Kinakuita. Na yale maji ya breki, yalikuwa yanashuka?"

"Yalishuka. Nikaongeza."

"Pedi ikilika, maji yanashuka yajaze nafasi. Au kuna mahali panavuja. Kwa vyovyote ni barua, mzee wangu. Wewe ulikuwa unaipokea unaiweka mfukoni." Akavuta pumzi. "Katika gari zima, sehemu karibu zote zinataka mafuta zisisuguane. Hii moja kazi yake ni kusuguana. Ikipata mafuta, umeifukuza kazi."

Nusu Inchi alisikiliza yote. Hakujitetea. Aliuliza tu mambo mawili: kama sahani zinaweza kusafishwa, na kama pedi za nyuma nazo zitazamwe. Tarumbeta alisema ndiyo kwa yote, akarudi mbele, na kwa sauti yake ya siku zote akawatangazia watu wa benchi kwamba gari la fundi limekwisha pedi, jambo linalompata kila mtu. Hakuongeza neno. Nusu Inchi hakuwahi kumshukuru kwa hilo kwa mdomo, lakini mwaka ule Tarumbeta alivaa ovaroli mbili mpya zilizomkaa mwilini kuliko suti.

Kumwambia mkewe kulikuwa kugumu zaidi. Alimwambia jioni, goti la mama likiwa limefungwa kitambaa cha maji baridi chumba cha pili. Mkewe alisikiliza hadi mwisho, akiwa ameshika chombo cha pini.

"Mama yangu angekufa," alisema, "sanda yake nayo ungeiachia nusu inchi?"

Hakucheka baada ya kusema hivyo, na Nusu Inchi naye hakuthubutu. Kwa siku nne mkewe aliongea naye kuhusu zipu na vifungo tu. Siku ya tano alimwekea kwenye meza ya kukatia kile kijitabu cha matengenezo cha mwalimu mkuu, kimefunguliwa. Nusu Inchi alikuwa amekitia droo tangu siku ya kwanza bila kukisoma. Ukurasa ule ulikuwa na mstari mmoja uliopigiwa wino mwekundu: pedi za mbele, zitazamwe tena baada ya mwaka. Mwaka ulikuwa umepita na miezi miwili juu.

Tangu hapo alilishika gari kama mtu anayejifunza kazi upya. Alimwomba Tarumbeta amwache asimame pembeni kutazama siku za matengenezo, naye akakataa: "Mteja akisimama juu ya kichwa cha fundi, spana inaangukia mguu." Lakini alimruhusu kuuliza maswali matatu kila anapokuja, na Nusu Inchi alikuja na maswali yake yameandikwa kwenye karatasi ya kukatia ruwaza. Kwa njia hiyo alijua kwamba upepo wa matairi hupimwa asubuhi kabla gari halijatembea, kwa kuwa tairi la moto hudanganya. Alijua kwamba tairi la spea nalo huisha upepo likiwa limelala, na kwamba hakuna aibu inayozidi ya kutoa spea nyororo mbele ya watu. Alijua kwamba tairi likilika upande mmoja, kosa si la tairi. Unga mweupe kwenye vichwa vya betri aliufuta kwa maji ya moto na brashi ya meno iliyostaafu. Mipira ya waipa aliibadilisha kabla ya mvua, si ndani yake. Kichujio cha hewa alikikung'uta nje ya mtaa, kwa ombi la washonaji wenzake wa hapo. Na taa yoyote nyekundu ikiwaka kwenye dashibodi, alisimama kwanza akauliza baadaye.

Tarehe aliziandika kwa chaki ya fundi cherehani upande wa ndani wa boneti: oili lini, kilomita ngapi, pedi lini. Chaki ikififia aliikolezea. Tarumbeta alizoea kuinua boneti na kusoma kabla ya kugusa kitu, na aliwahi kuwaambia wateja wengine waige. Wawili waliiga.

Mama mkwe hakupanda gari lile kwa miezi mitano. Hakununa, alisema tu kwamba goti lake bado halijalisamehe. Nusu Inchi hakumbembeleza. Aliwatafutia teksi, yeye na binti yake, na siku za kliniki alibaki dukani, akikosea kushona. Mwezi wa sita mama alipiga simu mwenyewe.

"Njoo nalo," alisema. "Lakini nina sharti."

Sharti lilikuwa hili: kabla ya kutoka uani, aende mbele asimame, mara tatu, kwa mwendo wa kweli, yeye mama akiwa ndani anasikiliza. Nusu Inchi alifanya. Mara ya tatu mama alisema, "Haya." Sharti lile liliendelea kila mwezi, na majirani wa kilimani walidhani ni mazoezi ya daktari.

Macho ya mama yalivyozidi kufifia, masikio yake yalizidi kunoleka, na ni yeye, si Nusu Inchi, aliyesema siku moja, "Upande wangu huku chini pananguruma. Kama jiwe la kusagia." Nusu Inchi alitega sikio, hakusikia kitu. Zamani angesema hakuna kitu. Safari hii aliwasha taa ya kugeukia, akakata njia moja kwa moja hadi gereji, mama akiwa ndani. Ilikuwa beringi ya gurudumu, imeanza kwisha. Tarumbeta alimwambia mama, kwa sauti iliyotikisa vioo, kwamba akichoka kukaa nyumbani ana kazi hapa. Mama alimjibu kwamba asingeweza, masikio yangemuuma.

Mwaka uliofuata ngazi za nyumba ya kilimani zilimshinda, ikaamuliwa ahamie kwa binti yake. Mkewe Nusu Inchi alitangulia kuandaa chumba. Nusu Inchi alipakia vitu vya mama: godoro juu ya paa limefungwa kwa kamba, masanduku nyuma, na kiti chake cha mbao cha kukunja juu ya kila kitu, kwa kuwa hakukubali kutenganishwa nacho. Alifanya zile breki tatu, mama akasema haya, wakaondoka.

Katikati ya safari, mahali pasipo na nyumba, mshale wa joto ulianza kupanda. Nusu Inchi aliuona ukiwa bado haujafika kwenye nyekundu. Alisogea pembeni, akazima, akaweka pembetatu ya tahadhari nyuma ya gari, akafungua boneti kutoka mbali kidogo. Mvuke ulikuwa unatoka pembeni ya mpira wa rejeta.

"Kuna nini?" mama akauliza.

"Limepata joto. Maji yanavuja. Hatuwezi kufungua sasa, mfuniko ukifunguliwa ukiwa wa moto maji yanaruka usoni. Mpaka lipoe."

"Muda gani?"

"Nusu saa. Labda zaidi."

Alimtolea kile kiti, akakikunjua kwenye kivuli cha gari, akamkalisha. Yeye akakaa juu ya sanduku. Magari yalipita, baadhi yakapunguza mwendo kumtazama mwanamke mzee aliyekaa kiti kando ya barabara kuu, godoro juu ya kichwa chake kama dari. Alimpigia Tarumbeta simu kueleza anachokiona, na mama aliyasikia majibu yote bila kushikishwa simu: atazame kile kibanio cha mpira, huenda kimelegea, akikaze kwa bisibisi, aongeze maji, aje pole pole.

Baada ya hapo hapakuwa na la kufanya. Mkwe na mama mkwe hawakuwahi kukaa wawili namna ile bila kazi. Mama alikunja mikono mapajani.

"Ulipokuja kumchumbia binti yangu," alisema, "mimi ndiye niliyekataa. Hakukuambia?"

"Aliyeniambia hapana ni baba yake."

"Baba yake alikuwa akikataa kwa niaba yangu. Mimi nilisema huyu kijana anajua kitu kimoja, na anadhani ni vyote."

"Hukukosea, mama."

"Sikukosea," mama alikubali. "Lakini binti yangu aliniambia, huyu ukimwonyesha kosa hulishona upya usiku kucha. Nikasema, basi aolewe, tutaona." Lori likapita, upepo wake ukapeperusha leso yake, akaishika. "Hebu gusa hiyo boneti."

Akagusa. Ilikuwa bado ya moto.

"Bado," alisema.

"Nipe maji ninywe, basi. Yakibaki ndio ulitie."

Walikaa dakika arobaini. Mfuniko ulipofunguka bila kutoa hata pumzi, Nusu Inchi alikikaza kibanio, akatia maji mpaka kwenye alama, akawasha akiangalia mshale. Ukatulia katikati. Alikunja kiti, akakirudisha juu ya masanduku, akamfunga mama mkanda. Mkewe alikuwa ameshapiga simu mara tatu kuuliza wamefika wapi, na mara ya tatu mama ndiye aliyepokea.

"Tuko njiani," alimwambia. "Mumeo alikuwa na kazi kidogo, ameimaliza. Weka maji ya kuoga."